Jeshini amri ni Kiswahili, kwa nini afisa ahitaji Kiingereza cha kuandika?

Vijana wengi wa Rwamgasa, mkoani Geita, wanaotaka kujiunga na jeshi wanajiandaa kwa mbio na pushapu. Kwa aliyezoea kazi ya duara na karasha, hilo si tatizo kubwa. Nguvu ipo, pumzi ipo.

Ila nguvu inamsaidia anayetaka kuwa askari. Anayelenga kuwa afisa ana mzigo mwingine: kalamu.

Wengi hawauoni mzigo huo kwa sababu JWTZ, lililoanzishwa Septemba 1, 1964, linaamrishana kwa Kiswahili. Gwaride ni Kiswahili. Kijana anajiuliza, Kiingereza cha nini?

Jibu linaanza na njia yenyewe. Anayetunukiwa kamisheni Monduli anatoka na cheo cha Luteni Usu, nyota moja begani. Chuo hicho sasa kinatoa pia shahada ya sayansi ya kijeshi. Kabla ya kufika huko lazima upite sekondari, ambako ukiacha Kiswahili na masomo mengine machache, mtihani unaandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kulijua jibu la Jiografia na bado akakosa alama kwa kushindwa kuliandika.

Somo la Kongo

Jibu la pili liko nje ya mipaka. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kujibu mashambulizi mashariki mwa Kongo. Wanajeshi walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mkuu wa majeshi yote ya Umoja wa Mataifa huko alikuwa Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz, kutoka Brazil.

Hebu fikiria hali hiyo. Afisa wa Tanzania akiwa Goma anaongea na mama wa sokoni kwa Kiswahili, wanaelewana vizuri. Jioni anatakiwa kuripoti alichokisikia. Ripoti inasomwa na Mmalawi, Msauzi na Mbrazil. Hapo Kiswahili chake kimefika mwisho. Asipoandika vizuri, habari aliyoipata kwa lugha yake inapotea njiani, na kuna watu wanaoitegemea ili wabaki hai.

Ni kweli Kiswahili kinapanda. SADC ilikipokea mwaka 2019, Umoja wa Afrika mwaka 2022. Lakini bado hakimo kati ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Kijana wa kidato cha tatu leo hawezi kusubiri kiingizwe.

Kizuri si kigumu

Tusidanganyane, Kiingereza kizuri si maneno makubwa. Oktoba 25, 1854, huko Balaclava, Waingereza wenyewe walipeleka amri iliyoandikwa kwa lugha yao. Iliwataka wapanda farasi wazuie adui asiondoke na mizinga. Haikusema mizinga ipi. Walielekea kwenye mizinga isiyokusudiwa, na zaidi ya 100 wakafa.

Mchimbaji anaelewa hili haraka. Aliye chini ya duara akituma neno lenye maana mbili, aliye juu anaweza kuvuta kamba wakati usiofaa.

Kwa hiyo mazoezi yapo, na hayahitaji ada. Kila siku andika nusu ukurasa kwa Kiingereza kuhusu jambo moja uliloliona: nani, wapi, saa ngapi, nini kilitokea, nini kinahitajika. Sentensi fupi. Mpe mwalimu asahihishe, kisha andika upya. Simu unayosomea makala hii ina kamusi, itumie. Na ule mkato wa meseji uache huko huko kwenye meseji.

Wazazi nao wana kazi. Mtoto anayetolewa darasani kwenda kuosha mchanga mwaloni analeta hela ya leo, lakini anakosa miaka ambayo sentensi hujengwa. Miaka hiyo hailipwi kwa kukimbia alfajiri. Huko mbele, wenzake waliobaki darasani watakwenda Monduli, na yeye atabaki na kifua chake.