Vita havikuanzia kwenye katuni

Kuna imani iliyoota mizizi kuanzia Kibondo hadi Kasulu: mtoto akipenda katuni za Kijapani za mapigano, huyo keshaharibika. Atakuwa mgomvi, ataacha shule, atahamia kwenye vibanda umiza. Mzazi huchana daftari lililojaa michoro ya ngumi na mateke, na majirani humsifu kwa malezi mema. Nasema wazi: imani hiyo ni potofu, na inawaonea watoto.

Tuanzie Nduta, kambi ya wakimbizi. Kambi ile ilifunguliwa tena Oktoba 2015 kuwapokea Warundi waliovuka mpaka kuokoa roho zao. Machafuko waliyoyakimbia yalizuka Aprili mwaka huo, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipoteuliwa kugombea urais kwa muhula wa tatu. Hayo yalikuwa mambo ya watu wazima. Hakuna kitabu cha picha kilichomtoa mtu kwake. Anayemwambia mtoto wa Nduta kwamba katuni ndizo zitakazomfundisha vurugu anamtwika mtoto madhambi ya wakubwa.

Halafu, wengi wanaozilaani hawajazisoma. Chukua Dragon Ball, aliyoichora Akira Toriyama kati ya 1984 na 1995. Goku, mtoto aliyelelewa porini na mzee aliyemwokota, anakwenda kwa mwalimu kujifunza kupigana. Je, anafundishwa ngumi? Anatumwa kugawa maziwa alfajiri kwa miguu, kisha analimishwa shamba kwa mikono mitupu, huku amebeba gamba zito la kobe mgongoni. Mtoto wa Kasulu aliyeshika jembe kabla hajashika kalamu anaelewa somo hilo bila kufafanuliwa. Na mashindano yanapofika, mwalimu anajibadili sura, anaingia ulingoni na kumshinda mwanafunzi wake mwenyewe, asije akavimba kichwa akadhani amefika. Ni wangapi kati yetu tunaofundisha unyenyekevu kwa bidii kiasi hicho?

Mbona Fumo Liyongo hatumwogopi? Naye ni shujaa wa mapigano, mwenye nguvu za ajabu. Alitoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na mwisho akauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Tunamwita urithi wetu, na ni sawa kabisa. Hakuna aliyesema utenzi wake unawafundisha vijana kuua baba zao. Tunajua hadithi humwonyesha mtoto usaliti ili autambue akikutana nao. Kwa nini hadithi ya Goku tuihukumu kwa mizani nyingine?

Sisemi kila katuni inafaa kila umri. Zipo za watu wazima, na mtoto hazimhusu. Lakini kuchagua ni kazi ya mzazi anayeketi na mwanawe na kusoma naye. Kuchana daftari si kuchagua. Ni kukwepa kazi.

Kwa hiyo kabla hujalichana, muulize mtoto maswali mawili: huyu uliyemchora ni nani, na anakwenda wapi? Kisha nyamaza umsikilize. Mtoto aliyezaliwa kambini ana mengi ya kusema kuhusu safari, na huenda penseli ndiyo njia pekee aliyopata ya kuyasema.