Mtungi Umfae Mzamiaji

Mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na tangu hapo umma umekuwa ukihimizwa uitazame bahari kama shamba lake la pili. Vijana wetu wameitika. Katika fukwe za Nungwi, Kendwa, Matemwe na Paje wapo wanaojifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa ili wawaongoze wageni, na miongoni mwao wamo wasichana. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini liko dosari moja ambayo watu huipita kana kwamba ni ndogo, nayo ni desturi ya kumfunga kila mwanafunzi mgongoni mtungi wa kipimo kimoja, awe pande la mtu au awe msichana mwembamba wa kilo 48.

Sisi tunasema desturi hiyo haifai, na sababu zake zinaweza kupimwa kwa mizani na kwa hesabu.

Chombo hiki cha kuzamia kwa hewa iliyoshindiliwa kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan. Mtungi ulioenea zaidi katika bahari za joto, ikiwemo yetu, ni ule wa alumini wenye ujazo wa lita 11 hivi. Ukiwa mtupu una uzito wa takriban kilo 14. Ukijazwa hewa hadi kanieneo la baa 200, yaani mara 200 ya kanieneo la hewa tuipumuayo juu ya nchi, hubeba lita 2,200 za hewa, na hewa hiyo peke yake ina kilo zaidi ya mbili na nusu. Ongeza vali yake, na mzigo unafika kilo 17 au zaidi kabla ya kuhesabu koti la kuelea na mkanda wa risasi. Kwa msichana wa kilo 48, hiyo ni zaidi ya theluthi ya uzito wake mwenyewe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkufunzi mwenye kilo 90 hauhisi uzito huo, basi hudhani na wenziwe hawauhisi.

Yuko atakayesema kuwa majini uzito hupotea. Hivyo ni kweli kwa sehemu tu. Mzamiaji hazaliwi majini. Huubeba mtungi kutoka ghalani hadi mashuani, na pwani ya mashariki, maji yakitoka, huubeba kwa mguu juu ya mwamba na mwani. Baada ya kuzamia hupanda ngazi ya mashua inayoyumba. Hapo ndipo migongo inapoumia na miguu inapoteleza. Isitoshe, mtungi mrefu kwenye mgongo mfupi ni adha hata ndani ya maji: ukipandishwa, vali humgonga kisogo kila anapoinua uso, ukishushwa, kitako chake humpiga makalioni na kumvuruga anapopiga miguu.

Aidha, mtungi huo wa alumini una tabia ya kuelea hewa inapopungua. Ukikaribia kuisha hutaka kupanda kwa nguvu ya takriban kilo 2. Kwa hiyo mzamiaji hulazimika kufunga risasi zaidi kiunoni tangu mwanzo, ili mwisho wa safari asinyanyuliwe juu kabla ya wakati. Hivyo yule mdogo wa mwili hubebeshwa mzigo mara mbili: mtungi uliomzidi, na risasi ya kuuzuia mtungi huo huo.

Njia ya kuondokana na hali hii ipo. Uko mtungi wa alumini wa lita 9, ulio mfupi kwa sentimita 10 hivi na mwepesi kwa kilo 2 au zaidi. Uko pia mtungi wa chuma wa lita 10, ambao kwa kawaida hauelei hata hewa ikipungua, na hivyo humpunguzia mtu risasi. Huo wa chuma una kasoro yake, kwani chumvi na unyevu huuletea kutu, nao unadai uangalizi mkubwa zaidi. Ndiyo sababu vituo vingi vya bahari za joto hupendelea alumini. Lakini kupendelea alumini si hoja ya kuwa na kipimo kimoja.

Sasa tuje kwenye hofu kubwa, ambayo ni ya haki: je, mtungi mdogo hautamwishia mtu hewa baharini? Jibu halipatikani kwa kutazama umbo la mtu. Yuko mwembamba anayepumua kwa pupa kwa sababu ya woga, na yuko mnene aliyetulia. Kila mmoja apimwe. Tuseme msichana amekaa dakika 30 katika kina cha wastani cha mita 10 akiwa na mtungi wa lita 11, na geji yake imeshuka kutoka baa 200 hadi 120. Ametumia baa 80. Mara lita 11, ni lita 880. Kwa dakika 30, ni lita 29 na ushei kwa dakika. Kwa kuwa katika mita 10 kanieneo ni maradufu ya lile la juu, matumizi yake halisi ni takriban lita 15 kwa dakika. Hesabu hii yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa darasa la saba.

Tumweke sasa msichana huyo pamoja na mwanamume anayetumia lita 20 kwa dakika. Wote wanashuka mita 18, ambako kanieneo ni baa 2.8, na wote wanaanza na baa 200 na kurejea juu ikibaki baa 50. Mwanamume mwenye mtungi wa lita 11 atapata dakika 29 hivi. Msichana mwenye mtungi kama huo atapata dakika 39. Lakini kikundi hurejea pamoja, anaporejea wa kwanza. Kwa hiyo zile dakika 10 za ziada msichana amezibeba mgongoni kwenda na kurudi bila kuzitumia. Akipewa mtungi wa lita 9 atapata dakika 32, ambazo bado zinazidi za mwenziwe.

Hata hivyo akiba haiozi, na hapa pana jambo lisilopasa kufichwa. Baa 50 katika mtungi wa lita 11 ni lita 550 za hewa. Katika mtungi wa lita 9 ni lita 450. Geji inaonyesha tarakimu ile ile, lakini hewa si ile ile. Ikitokea hewa ya mwanamume yule ikakatika ghafla, wawili hao watapumua kutoka mtungi mmoja mpaka juu, tena wakiwa na hofu, na mwenye hofu hupumua mara mbili. Kwa hiyo mwenye mtungi mdogo asirejee kwa kanuni ya mtungi mkubwa. Aanze kurejea ikibaki baa 60, ambazo kwa lita 9 ni lita 540. Kwa kanuni hiyo msichana wetu atapata dakika 30, bado sawa na mwenziwe, na akiba ya kumwokoa mwenziwe anayo. Mtungi mdogo pamoja na kanuni yake ni usalama. Bila ya kanuni hiyo ni mtego.

Wenye vituo watasema kuwa kipimo kimoja kinarahisisha kazi na gharama. Tunakubali kuwa mitungi ni ghali. Lakini hatusemi mitungi yote itupwe. Tunasema kila inaponunuliwa mipya, sehemu yake iwe ya lita 9 au 10, nayo ipakwe rangi au alama ya kuonekana upesi ili isichanganywe na mingine. Yule mgeni mwenye mwili mdogo naye atashukuru, kwani amelipa fedha zake aione bahari, hakulipa apate maumivu ya mgongo.

Kasumba tuliyoachiwa ya kudhani kuwa kila chombo kilichotoka ng'ambo kimekwisha kupimwa kwa ajili yetu haina budi kuondoka. Chombo hutengenezwa ili kimtumikie mtu. Chuoni tulilelewa tukijua kuwa mzigo hupimwa kwa uwezo wa mbebaji, na shuleni tukafundishwa kuwa utu hutangulia kitu. Mafundisho hayo mawili hayapishani hata kidogo.

Wala jambo hili si la utalii peke yake. Kuzama kwa MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, na kwa MV Skagit tarehe 18 Julai 2012, kulitufundisha kwa machozi kwamba watu wa visiwa wanahitaji wazamiaji wengi wa kwao, waliofunzwa barabara na walio tayari usiku na mchana. Kila msichana anayeacha mafunzo kwa kudhani kuwa mwili wake haufai, hali mtungi ndio usiomfaa, ni mwokoaji mmoja tuliyempoteza bila sababu.

Kwa hiyo tunatoa wito. Wenye vituo waweke mitungi ya vipimo viwili au zaidi. Wakufunzi wampime kila mwanafunzi matumizi yake ya hewa na kuyaandika, kisha wampe mtungi kwa hesabu. Wakaguzi wa serikali, wanapokagua mashua na maboya, waulize pia mitungi ipo ya vipimo gani, na lini ilijaribiwa mara ya mwisho. Vijana wenyewe wasione haya kudai kinachowafaa, kwani kunyamaza si ushujaa. Mwana maji wa Kwale, kufa maji ni mazoea. Na mazoea yanayoua mara nyingi huanza na kitu kidogo kilichoachwa kwa kuwa kila mtu amekizoea.

Bahari haimpunguzii kina mwenye mwili mdogo. Lililo katika uwezo wetu ni kumpa chombo kinachomwenea, na hilo linaweza kuanza na mtungi wa kwanza utakaonunuliwa.