Ukipata siku nzima baharini, usiijaze

Wacha nianze kwa kuungama. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kitu cha kwanza nilichofanya baada ya hapo ambacho hakikumfanya mathe anune ni kupata kazi kwenye meli ya kitalii. Kazi yenyewe haikuwa ya suti. Nilikuwa msee wa taulo. Nasimama kando ya kidimbwi cha kuogelea, nagawa taulo kavu, naokota zilizolowa, napanga viti. Miezi saba.

Kwa hivyo nikikwambia najua vile watu hutumia siku zao baharini, niamini. Nilikuwa nawatazama kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Siku ya baharini ni ile siku meli haitii nanga popote. Hakuna bandari, hakuna kushuka, hakuna kununua shanga sokoni. Ukizunguka visiwa vya Karibi utapata siku kama hiyo moja au mbili kwa wiki. Lakini Aprili na Mei meli nyingi huhama Karibi kwenda Ulaya kufuata kiangazi, na hapo unaweza kukaa karibu wiki nzima bila kuona nchi kavu. Mimi nilivuka hivyo, kutoka Fort Lauderdale kule Florida hadi Barcelona. Siku saba, maji tu.

Hapo ndipo niliona watu wakihangaika.

Kila jioni wageni huletewa ratiba ya kesho. Saa tatu yoga, saa nne mafunzo ya densi, saa tano chemsha bongo, saa nane bingo, usiku shoo. Kasino, ambayo hufungwa meli ikiwa bandarini, sasa iko wazi. Bafe nayo ni kama haifungwi. Wageni wanatembea na hiyo karatasi imejaa alama za kalamu, utadhani ni kina sisi tukijiandaa kwa KCSE. Kufikia siku ya tatu wako hoi. Wamelipa, kwa hivyo lazima wamalize kila kitu. Unajua yule jamaa anayekula harusini mpaka anashindwa kusimama? Huyo huyo, ila huyu amelipia sahani.

Maoni yangu ni haya: ukibahatika kupata siku nzima baharini, usiijaze. Chagua kitu kimoja, halafu uache saa zinazobaki zijipange zenyewe.

Najua unauliza, nani ana doh ya kupanda meli kama hizo? Wachache, ndiyo. Lakini meli hizi hufika hata Mombasa, na siku hizi chama kikichanga mwaka mzima watu hujipata Dubai. Usijikatie tamaa mapema. Na wengine wenu mtaenda vile mimi nilienda, na kitambulisho cha mfanyakazi shingoni. Haya yanawahusu pia.

Basi tuseme umefika. Amka kabla ya jua, utembee sitaha ya nje. Saa hiyo hakuna muziki wala foleni, unasikia tu injini ikinguruma chini ya miguu. Ukianza kusikia kichefuchefu, usijifungie chumbani. Nenda sehemu za katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako mtikiso ni mdogo, au toka nje ukazie macho pale maji yanapokutana na mbingu. Tangawizi husaidia. Sisi tulikuwa tunawapa wageni tofaa za kijani na biskuti kavu.

Simu iweke hali ya ndege. Mtandao wa simu wa meli hupitia setilaiti, na ukisahau tu kuzima, bili inaweza kukutoa machozi. Waifai ipo, ya kulipia. Nunua ukiihitaji kweli, si kwa sababu unaogopa kunyamaza.

Na tafadhali, usiwe yule mtu wa kufunga kiti. Anakuja saa kumi na mbili, anatandika taulo, anaweka kitabu juu, anarudi kulala hadi saa nne. Kwetu sheria ilikuwa dakika 40: kiti kikikaa bila mtu, naondoa vitu vyake nampa mwingine. Nani alitukanwa akirudi? Mimi. Mzee mmoja aliniuliza kama kwetu tuna viti. Nikasema, "Samahani, sir," nikamtafutia kingine. Starehe yako ikihitaji kumnyima mwingine nafasi, hiyo si mapumziko tena. Ni kunyakua ardhi, na sisi Wakenya hilo tunalijua vizuri.

Kulikuwa na mama mmoja, mwenye mvi, aliyekuja kila siku na uzi wake wa kufuma. Hakuwa na karatasi ya ratiba. Anafuma kidogo, analala kidogo, anaangalia nje. Siku ya tano nikamuuliza huwa anaona nini huko. Akasema, "Maji tu." Nikacheka. Akaniuliza, "Na wewe?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa sijayaangalia.

Ukweli ni kwamba kwa mfanyakazi, siku ya baharini ndiyo ndefu zaidi, maana hakuna mgeni aliyeshuka. Ukivuka kwenda Ulaya, saa inasogezwa mbele karibu kila usiku, jumla saa sita. Mgeni anaamka akichelewa. Wewe shifti yako haijasogea. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unasema baharia apate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na zinaweza kugawanywa mara mbili, kipande kimoja kisipungue saa sita. Kwa hivyo mchana nilikuwa na mapumziko ya saa mbili hivi. Nilizitumia vipi? Kwa simu. Nanunua bando ya wafanyakazi, naangalia wenzangu wa chuo wakivaa majoho.

Baada ya yule mama kuniuliza lile swali, bando iliisha na sikununua nyingine. Nikaenda mbele ya meli, pale wafanyakazi huruhusiwa kukaa. Nusu saa ya kwanza niliichukia. Mkono ulikuwa unaingia mfukoni wenyewe. Halafu jambo nililokuwa nimelifukia likaja juu.

Nyumbani nilikuwa nimeambia kila mtu niliacha chuo kwa sababu ya karo. Si kweli. Karo ilikuwepo, mathe aliuza ng'ombe wawili. Niliacha kwa sababu nilikuwa nafeli na niliona aibu kusema. Tangu siku hiyo nilikuwa naijaza kila saa: kozi za mtandaoni nisizomaliza, dili za hapa na pale, meseji mpaka usiku wa manane. Mtu akiuliza, "Siku hizi unafanya nini?" niwe na cha kujibu. Kumbe nilikuwa nakimbia nusu saa ya ukimya.

Tulipofika Barcelona nikampigia mathe, nikamwambia yote. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sisemi bahari ni daktari. Wengine wataketi hapo waone maji tu, na hiyo ni sawa kabisa. Ninachosema ni kwamba sisi vijana wa mjini tumefundishwa kwamba kukaa bila kufanya kitu ni uvivu, hata siku tuliyoilipia iwe ya kupumzika. Ndiyo maana tunarudi kutoka Diani tumechoka kuliko tulivyoenda.

Kwa hivyo ukipata siku yako baharini, iwe ni kwa tiketi au kwa kandarasi, toka nje bila simu, ukae nusu saa. Anza Jumapili hii nyumbani kama meli iko mbali.

Na ukiondoka kwenye kiti, beba taulo yako. Kuna msee anayeiokota.