Injini Mpya, Fremu ya Zamani: Ufundi Unaohitaji Kipimo

Pikipiki ni chombo chenye viungo vingi, na viungo hivyo havifi vyote siku moja. Ukweli huu ndio chanzo cha ufundi ulioenea katika gereji zetu nyingi, mjini na vijijini: ufundi wa kung'oa injini katika pikipiki moja na kuifunga katika fremu ya nyingine. Wako wauitao ufundi huu ubunifu wa kusifiwa, na wako wauonao kuwa uhuni wa kupigwa marufuku. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea, kwa kuwa zote huitazama injini peke yake.

Tuitazame Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Wilaya hii hupitiwa na barabara kuu ya lami iendayo Lindi na Mtwara, ambayo huuvuka Mto Rufiji katika Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Upande wake wa mashariki iko delta ya mto huo, nchi ya mikoko, matope na maji ya chumvi. Pikipiki ikimbizwayo juu ya lami mchana kutwa, ikiwa imepakia kupita kiasi, huchoka injini ilhali fremu bado nzima. Karibu na bahari mambo hugeuka: chumvi huila fremu, hasa penye maungio yaliyochomelewa, huku injini ingali ikinguruma vizuri. Tena huja mafuriko, kama yale ya mwaka 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti. Na injini iliyozama majini isipofunguliwa na kusafishwa mapema, huoza kwa ndani. Basi fundi aliye na pikipiki mbili zilizokufa huweza kupata moja iliyo hai. Huo si uhuni. Ni akili ya mtu asiyekubali kutupa kilicho kizima.

Ufundi huu umerahisishwa na historia. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilibuni pikipiki ya CG125, iliyokusudiwa kwa nchi ambako barabara ni mbaya na matunzo ni haba. Injini yake ilikuwa ya silinda moja, ikipozwa kwa upepo, na vali zake zilisukumwa kwa fimbo za chuma badala ya kuendeshwa kwa cheni ya ndani. Baadaye viwanda vingi vya Uchina viliiga injini hiyo na kuikuza. Kipenyo cha silinda cha milimita 56.5, kwa mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, hutoa ujazo wa sentimita za ujazo 124. Ongeza kipenyo hicho hadi milimita 62, na mwendo wa pistoni ubaki ule ule, utapata 149. Ndiyo maana injini nyingi za pikipiki za Kichina hufanana kama watoto wa baba mmoja, na fundi huweza kuihamisha moja mahali pa nyingine kwa kazi kidogo.

Hapo ndipo kishawishi huanza. Kijana aliyefaulu kuifufua pikipiki ya baba yake hujiuliza: mbona nisiweke injini ya 200 katika fremu ya 125, nikawashinda wenzangu kwa mbio? Swali hili si la ajabu wala si geni. Vijana wa Uingereza walijiuliza hivyo katika miaka ya 1950, wakaunda pikipiki iliyopata jina la Triton. Waliichukua injini ya Triumph, iliyosifika kwa nguvu zake, wakaifunga katika fremu ya Norton iliyobuniwa na ndugu wawili wa McCandless kutoka Belfast, ambayo ilianza kuonekana katika mashindano mwaka 1950. Fremu za Norton zilipatikana kwa urahisi kwa kuwa waundaji wa magari madogo ya mashindano walinunua pikipiki hizo ili kuchukua injini zake tu, wakaziacha fremu.

Msomaji na aangalie vema mpango wa kazi ya vijana wale. Waliipeleka injini yenye nguvu kwenye fremu iliyokuwa bora kuliko ile iliyotoka. Kijana wetu atakaye kufunga injini ya 200 katika fremu ya 125 hufanya kinyume: huipeleka nguvu kubwa mahali palipo dhaifu zaidi. Matendo haya mawili hufanana kwa spana na bolti, lakini kwa maana ni mbali kama mashariki na magharibi.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Pikipiki iendayo kasi hupambana zaidi na upepo, na nguvu itakiwayo kuushinda upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kwa hiyo ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako, wahitaji nguvu mara nane. Tuseme injini mpya ina nguvu mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Pikipiki iliyofikia kilomita 90 kwa saa sasa itafikia kama 103 tu. Faida ya jasho lote lile ni asilimia 14 au 15.

Sasa tuitazame gharama. Nishati ya chombo kiendacho hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na ni nishati hiyo ambayo breki hulazimika kuigeuza kuwa joto. Kutoka kilomita 90 hadi 103, nishati huongezeka kwa asilimia 31, hata kabla hatujahesabu uzito wa injini kubwa. Breki zilizoweza kuisimamisha pikipiki kwa mita 62 sasa zitahitaji kama mita 82, zikiwa hazijachemka wala kulegea. Hizo mita 20 za ziada ndizo awezazo kuwamo mtoto avukaye barabara kwenda shule. Kijana amenunua kumi na nne kwa bei ya thelathini na moja, na mara nyingi hajui kwamba amelipa.

Breki si jambo la pekee. Sproketi ya mbele na ya nyuma sharti zikae katika mstari mmoja. Injini ikikaa upande kwa milimita chache, cheni hutafuna meno ya sproketi, na mwishowe huruka au hukatika. Cheni yenyewe huweza kutofautiana: ile iitwayo 428, iliyo ya kawaida katika pikipiki za 125, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na ile ya 520 ina milimita 15.875. Mbili hizi hazichanganyiki katika sproketi moja. Tena injini ya silinda moja hutikisika kwa asili yake, na mtikisiko huo huhamia katika vibao vya chuma vinavyoishika. Kibao kilichochomelewa kwa haraka hakivunjiki siku ya kwanza. Hupata ufa mwembamba kama unywele, kisha huvunjika siku mtu asiyoitazamia.

Na siku hiyo huenda si siku ya mashindano. Pikipiki ya kijana wa kwetu si chombo cha mchezo tu. Iliyokimbizwa Jumapili ndiyo itakayombeba mama mjamzito kumpeleka kituo cha afya Jumatatu. Abiria huyo hakuulizwa kama akubali injini ile katika fremu ile.

Je, tupige marufuku? Kushindana katika barabara ya umma ni kosa, na haifai kulegezwa. Lakini marufuku ya ufundi wenyewe itaupeleka nyuma ya nyumba, usiku, mahali pasipo na taa wala rula. Nashauri njia tatu. Kwanza, vyuo vya ufundi stadi vya VETA, pamoja na SIDO iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, vifundishe mafundi wa gereji hesabu hizi za breki, cheni na fremu, kwa masomo mafupi yasiyodai cheti cha sekondari. Pili, kila injini iliyohamishwa ikaguliwe, na namba yake irekebishwe katika kadi ya usajili, kwa kuwa kadi huandikwa namba ya injini na ya fremu. Ukaguzi uwe wa bei nafuu, ili mtu mwaminifu asiadhibiwe kwa uaminifu wake. Tatu, atakaye kushindana apewe uwanja wa udongo uliofungwa, mbali na barabara na makazi, na hakuna pikipiki kuingia kabla breki zake hazijapimwa.

Wako watakaosema kwamba uwanja utawazidishia vijana tamaa ya mbio. Mimi naona tamaa hiyo ipo tayari, na kazi yetu ni kuipa kipimo. Mashindano ya kitaifa ya sayansi na ubunifu, MAKISATU, yalianzishwa mwaka 2019 ili kuwatafuta wabunifu wa namna hii. Kijana awezaye kuifanya injini ngeni ingurume katika fremu isiyo yake amekwisha kuvuka nusu ya njia ya uhandisi. Nusu iliyosalia ni kujua, kabla hajaiwasha, itasimama baada ya mita ngapi.