Mzaha wa Bilauri

Barazani kwetu karata huchezwa baada ya Alasiri. Aliyefungwa hutaniwa, akacheka, pengine akawaagizia wenzake kahawa, na adhana ya Magharibi ikisikika kila mtu hushika njia ya msikitini. Lakini wako vijana leo wenye karata za namna nyingine. Aliyefungwa hupewa bilauri ya pombe aimalize kwa mkupuo mmoja. Akisha kunywa akili humpungua, akafungwa tena. Na akifungwa, hana budi kunywa tena.

Msomaji atauliza, sisi yatuhusu nini hayo? Yatuhusu, kwani watoto wetu wako vyuoni, bara na ng'ambo, na usiku wa karata hizo mzazi hayupo.

Tutazame yaliyotokea Marekani. Mwezi Februari 1917 haukuwa, ni juzi tu, 2017, kijana wa miaka 19, Timothy Piazza, alikuwa akiingizwa katika chama cha wanafunzi cha Chuo Kikuu cha Penn State. Wageni walipitishwa kituo hadi kituo, hapa vodka, pale bia, pale mvinyo, kwa haraka. Kijana alilewa, akaanguka kwenye ngazi, akaumia kichwa na wengu. Wenzake walimlaza kwenye kochi. Zilipita karibu saa 12 kabla ya mtu kupiga simu kuomba msaada, na tarehe 4 Februari akafa.

Katika nchi ile sheria hairuhusu kuuziwa pombe kabla ya miaka 21. Hapa kwetu umri ni miaka 18, na sera iliyotangazwa na serikali mwezi Julai 2025 inapendekeza upandishwe hadi 21. Ni jambo jema. Lakini kijana yule alikuwa na miaka 19, na sheria haikuwamo chumbani mle. Waliokuwamo ni wenzake.

Hatari ya mchezo huu ni haraka yake. Ini la mtu huweza kuondoa kipimo kimoja hivi cha pombe kwa saa moja. Mchezaji humimina vitano au sita kabla cha kwanza hakijamwingia barabara, hata akiacha kunywa ulevi huendelea kupanda. Ndiyo maana neno "mwacheni alale, litamtoka" limeua wengi. Aliyelala huweza kutapika akapaliwa, au pumzi zikapungua hata zikakatika.

Dini yetu iliutambua ubia huu zamani. Katika Surat al-Maida, aya ya 90, ulevi na kamari vimetajwa pamoja, na aya inayofuata yaonya juu ya uadui uzaliwao humo. Mchezo wa bilauri ni vyote viwili: mtu anywa, tena aweka uhai wake rehani kwa karata.

Hayo twayahubiri, na tuendelee kuyahubiri. Lakini kijana wa mchezo huu aghalabu hanywi kwa kiu wala kwa kutojua haramu. Hunywa kwa kuogopa kuchekwa. Basi tumfunze tangu nyumbani kustahimili kicheko cha wenzake na kuondoka.

Na liko jingine, zito zaidi. Kwetu aibu ina nguvu kuliko askari. Mwenzao akizimia, vijana watasema, "Baba yake akijua itakuwaje?" Watamficha, wamwagie maji, wamnyweshe kahawa, wangoje alfajiri. Huko Pennsylvania, sheria iliyotungwa mwaka 2018 kwa jina la marehemu ilizidisha adhabu kwa wakosaji, lakini pia ilimkinga anayewahi kuita msaada. Wazazi nasi tuwe na sheria hiyo nyumbani: atakayetuita usiku kwa ajili ya mwenzake hataulizwa kwanza alikuwa wapi.

Aliyezimia kwa ulevi alazwe ubavu, asiachwe peke yake, asitapishwe, naye akimbizwe hospitali. Kunywa ni haramu, lakini kuokoa nafsi ni wajibu, na kosa la kwanza haliondoi wajibu wa pili.

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtoto akirudi na aibu, toba ipo. Akirudi kwenye jeneza, twabaki na dua tu.