Biharusi, kabla ya tivi kubwa fikiria boksi la kurekodia



Msimu wa harusi ukifika, hapa dukani kwetu tukiwa tunapima magauni tunazisikia na orodha za vyombo. Makochi, friji, mashine ya kufulia, na tivi. Tivi siku hizi inatajwa kwa inchi, 55, 65, na ukumbi wenyewe ukikaa kwenye kochi miguu inagusa ukuta wa pili. Hatuna ugomvi na tivi. Maoni yetu ni kwamba pesa ya kutoka inchi 43 kwenda 65 ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingenunua kitu ambacho hatujawahi kukisikia kwenye orodha ya biharusi yeyote, nacho ni seva ndogo ya nyumbani yenye kurekodi matangazo.

Ni boksi tu, kubwa kidogo kuliko boksi la tende, lenye diski moja au mbili ndani. Linaungwa kwa waya kwenye ruta, na tivi, simu na tableti za nyumba nzima zinalifikia kwa waifai. Kampuni kama Synology na QNAP wanayatengeneza, lakini hata laptopu ya zamani yenye diski ya pembeni na programu ya bure kama Jellyfin inafanya kazi hiyo hiyo. Pembeni yake kinakaa kidude kinachoitwa tyuna, ndicho kinachopokea waya wa antena. Programu inasoma ratiba za chaneli, wewe unachagua kipindi, saa ikifika kinarekodiwa. Tivi inaweza kuwa imezimwa. Unaweza kuwa jikoni, dukani au umelala.

Hapo pa jikoni ndipo tunapotaka mukae na sisi kidogo.

Saa za tivi hazikupangwa kwa kumfikiria mwanamke. Itazameni Ramadhani. Darsa na visomo vinajaa alasiri mpaka magharibi, wakati sisi tuna uji motoni, tambi zinataka kugeuzwa, muhogo wa nazi unataka kuonjwa kwa ncha ya ulimi. Ukumbini wanaume na watoto wamekaa wanasikiliza. Sisi tunapata neno moja moja baina ya chujio na mwiko. Swali tunalisikia, jawabu linatupita. Ikifika usiku, wanaopenda tarawehe ya Makka mubashara wanajua habari yake. Saudia na sisi tuna saa moja, lakini wao katika Ramadhani hufanya isha saa mbili nzima baada ya magharibi. Kwa hiyo imamu anapoanza kule, huku wengine ndio tunaosha masahani na kufikiria daku, na sisi mafundi tumerudi kwenye cherehani kwa sababu nguo za Idi hazijishoni.

Mama anayefuturisha watu kumi ana ujira wake kwa Mwenyezi Mungu, inshaallah. Lakini elimu ya dini nayo ni haki yake, na haki hiyo haikuwekewa sharti kwamba amalize kukaanga kwanza. Hesabuni Ramadhani kumi za ndoa, ishirini, mtu anasikia darsa vipande vipande, halafu anaambiwa wanawake hawajui masuala. Atayajulia wapi? Darsa ikirekodiwa ataisikiliza saa 4 asubuhi nyumba ikiwa kimya, na asipofahamu atairudisha nyuma mara tatu bila ya kumuona haya mtu.

Na kuna hili la adhana. Seva inakuruhusu kusimamisha matangazo mubashara, ukasali kwa utulivu bila ya roho kubaki kwenye taarifa ya habari, kisha ukaendelea pale pale ulipoachia. Kwa nyumba zetu, ambazo magharibi na taarifa ya habari hukaribiana, hili peke yake lingetosha kutushawishi.

Tunajua mutasema YouTube ipo. Ipo, lakini si kila darsa inapandishwa huko, na bando linaliwa, na ukimaliza darsa inakuletea yenyewe kitu usichokitaka mbele ya mtoto. Kilichorekodiwa kwenye seva hakili bando hata kidogo, kwa sababu kinatembea humo humo ndani ya nyumba.

Sasa ukweli wa upande wa pili, maana wauzaji hawausemi. Tyuna inapokea chaneli za bure tu. Chaneli za kulipia zimefungwa ndani ya king'amuzi chake, na anayekuahidi kwamba boksi lake litafungua zote anakuuzia cha wizi. Nyumba mpya isianze na hicho. Tyuna nayo ina aina. Ya antena yetu iwe ya DVB-T2, ya dishi DVB-S2. Ndugu aliyeko Marekani akikuletea ya kule, ya ATSC, hapa ni pambo la kabati. Matangazo mubashara huzidi muda, kwa hiyo ipange ianze dakika 5 kabla na imalize dakika 15 baadaye, au dua itakatwa katikati, na hakuna kinachoudhi kama hicho.

Diski ya terabaiti 2 inabeba kiasi cha saa 500 za picha safi, au zaidi ya hapo picha ikiwa ya kawaida. Umeme haili sana. Boksi la wati 20 likiwashwa usiku na mchana linakula kama uniti 14 au 15 kwa mwezi. Adui ni kukatika ghafla, kunakoweza kuharibu kinachorekodiwa, basi weka na betri ndogo ya akiba. Usilifungie kabatini, linataka hewa.

Lililotufanya tuandike hasa ni hili linalofuata. Boksi hili likishaingia nyumbani, kila kitu kinahamia humo. Darsa, katuni za watoto, na hapo hapo video za harusi. Video ya ukumbi wa wanawake, mashoga zako wamevua mabaibui, mama mkwe anacheza, na wewe na gauni lililo wazi mgongo ambalo tulikushonea tukijua litaonekana na wanawake tu. Programu hizi huweka vitu vyote kwenye menyu moja yenye picha. Shemeji anakuja kuangalia mpira, anashika rimoti, anakutana na picha yako kabla ya mpira. Mashoga zako hawakuridhia hilo, na amana ni yao pia.

Kwa hiyo tunasema seva iwe na akaunti mbili au zaidi. Ya ukumbini ione matangazo yaliyorekodiwa na katuni, basi. Video za wanawake zikae kwenye folda yake, yenye neno la siri lake. Boksi lisifunguliwe kutoka nje kwa intaneti hata fundi akisema ni rahisi. Mwaka 2022 shambulio lililoitwa DeadBolt liliwafungia mafaili watu wengi wenye boksi za QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti, wakatakiwa walipe ili wafunguliwe.

Na neno la siri kuu awe nalo biharusi. Wapo watakaosema mke hapaswi kumficha mumewe. Hatujasema afichwe, wawe nalo wote wawili. Tunachokataa ni ile desturi ya kwamba kitu chenye waya ni cha wanaume, fundi anamfundisha mume mlangoni na mke anaitiwa chai. Fundi akija, kaa hapo na mahram wako, ushike simu yako mwenyewe, mwambie akuoneshe namna ya kupanga kipindi, namna ya kufuta, na mahali anapobadilisha neno la siri. Akishatoka tu, libadilishe, maana lile la mwanzo yeye analijua.