Wabera Nayo Ina Historia

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa kuhusu mapinduzi ya viwanda, aghalabu atataja Chicago. Akiulizwa kuhusu Wabera, yamkini atataja barabara ya Nairobi. Ni wachache watakaokumbuka wadi ya Isiolo, au Daudi Dabasso Wabera mwenyewe, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliyeuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido, miezi michache kabla ya Uhuru.

Miji hii miwili haiko mbali kama inavyodhaniwa. Chicago ilikuzwa na mifugo, reli na wahamiaji. Mwaka 1904 Upton Sinclair alikaa majuma saba miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vyake vya nyama, na mwaka 1906 riwaya yake, The Jungle, ikachapishwa. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ukaguzi wa nyama. Hata hivyo, dhiki ya mfanyakazi, ambayo ndiyo iliyomsukuma Sinclair kuandika, haikupata sheria yake. Wasomaji waliiona nyama, wasimwone mchinjaji.

Isiolo nayo ni mji wa mifugo na wahamiaji. Serikali ya kikoloni iliweka hapo karantini ya mifugo, na askari wa Kisomali wakapewa makazi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Leo Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanakutana sokoni. Barabara ya lami imefika Moyale, na uwanja wa ndege ulifunguliwa mwaka 2017. Kipya kinyemi, lakini kilomita zinapohesabiwa, nani anawahesabu watu?

Wapo watakaosema kuwa kazi hiyo ni ya wanahistoria. Sinclair hakuwa mwanahistoria. Isitoshe, mama anayeuza maziwa ya ngamia na mnunuzi wake Mmeru hupatana bei kwa Kiswahili. Masimulizi yao yamo tayari katika lugha inayofundishwa vyuoni.

Hivyo basi, tasnifu moja zaidi kuhusu riwaya iliyokwisha kuhakikiwa mara kumi ingeweza kusubiri. Wazee walioshuhudia vita vya 1963 hadi 1967 hawawezi kusubiri. Wanafunzi wa Kiswahili na waende Wabera wakasikilize, wasije wakarithi lami isiyo na masimulizi.